Kwa mnaokwenda India kusoma fasihi ya Kiingereza

Wadogo zangu, kila mwaka mnaponipigia simu swali huwa lile lile: "Dada, Shakespeare nikamsome India kwa nini, si bora Uingereza kwenyewe?" Jibu langu ni refu kwa simu, kwa hiyo leo naliandika mlisome kwa nafasi.

Kwanza, somo hili lina mizizi India kuliko mnavyodhani. Hindu College ilifunguliwa Calcutta mwaka 1817, na vijana wa Kibengali walikuwa wakichambua Shakespeare darasani miongo mingi kabla Oxford haijaanzisha shahada ya fasihi ya Kiingereza, jambo lililofanyika miaka ya 1890. Mtafiti Gauri Viswanathan alilieleza vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1989: watawala wa Kiingereza waliogopa kuwagusa Wahindi kwenye dini, wakaitumia fasihi kufunza maadili ambayo kwao yalifundishwa kwa Biblia. Mtasoma pia waraka wa Macaulay, Mwingereza aliyekuwa katika serikali ya kikoloni ya India, wa mwaka 1835, unaodai kwamba rafu moja ya maktaba nzuri ya Ulaya inazidi fasihi yote ya India na Arabia. Mwenyewe alikiri humo humo kwamba hajui Kisanskriti wala Kiarabu. Someni waraka wote, msiishie kwenye sentensi hiyo moja.

Mimi niliishia hapo. Insha yangu ya kwanza Pune, mji wa India nilikosomea, ilikuwa kurasa kumi na mbili za hasira, nikieleza namna Wahindi walivyolazimishwa Shakespeare. Mwalimu aliirudisha bila alama. Chini ya ukurasa wa mwisho aliandika kwa penseli: "Na waliokata tiketi?"

Swali hilo lilinichukua mwezi mzima maktabani. Waliokata tiketi ni watazamaji wa makampuni ya maigizo ya Waparsi, jamii ya India yenye asili ya Uajemi, yaliyoanzia Bombay katikati ya karne ya 19 na kuzunguka miji mingi. Yalichukua michezo ya Shakespeare yakaiweka katika Kigujarati na Kiurdu, yakabadili majina ya watu na miji, yakatia nyimbo na ngoma, na baadhi ya tanzia yakazipa mwisho wa heri. Mwaka 1898 Hamlet alipanda jukwaani kwa Kiurdu katika mchezo ulioitwa Khun-e-Nahaq, yaani damu iliyomwagwa pasipo haki. Neno haki limo humo ndani kama lilivyo kwetu, na mtakutana na maneno ya namna hiyo kila siku hadi mjisikie nyumbani. Kuingia ukumbini hakukuhitaji cheti cha Kiingereza. Mtu alilipa kwa sababu mchezo ulimgusa.

Tangu hapo, kabla ya kuuliza mwandishi alimaanisha nini, nauliza msomaji alikifanyia nini kitabu. Alicheka wapi? Alikatisha wapi? Alikipa jina gani? Hiyo ndiyo kazi mnayoiendea, na hakuna mahali pazuri pa kuifanyia kuliko Asia Kusini. Mchukueni Chandu Menon, hakimu wa Malabar, kusini mwa India. Alikuwa akiwasimulia watu wa nyumbani kwake riwaya za Kiingereza kwa Kimalayalam, wakamtaka awatafsirie moja ya Disraeli, mwandishi na mwanasiasa wa Uingereza. Akaanza, akaona haitafsiriki, akaiacha na kuandika yake mwenyewe, Indulekha, ya mwaka 1889. Tafsiri iliyoshindikana ikazaa moja ya riwaya za mwanzo kabisa za lugha ile.

Wala msidhani wasomaji wale walifuata orodha ya walimu. Mtafiti Priya Joshi amefuatilia maktaba za India za karne ya 19, na mwandishi wa Kiingereza aliyekimbiliwa kuliko hata Dickens ni G. W. M. Reynolds, mtunzi wa hadithi za siri na uhalifu wa London, ambaye leo hata Waingereza wenyewe wamemsahau. Mkiulizwa mtafiti nini, hapo pana kazi ya miaka.

Lakini lililonibadilisha zaidi lilitokea bwenini. Mwenzangu wa chumbani, mtu wa Nagpur, alikuwa akinisomea kwa sauti sura ya pili ya Sense and Sensibility, riwaya ya Jane Austen, huku chai ikichemka. John Dashwood amemwahidi baba yake anayekufa kwamba atawasaidia mama wa kambo na dada zake watatu. Anapanga kuwapa wasichana pauni 1,000 kila mmoja. Mkewe anamkumbusha kwamba wana mtoto mdogo wa kiume. Basi iwe 500. Labda 100 kwa mwaka kwa mama? Mke anasema watu wenye posho ya mwaka huwa hawafi. Basi pauni 50 mara moja moja. Mwisho wa mazungumzo, msaada umebaki kuwasaidia kuhama na kuwapelekea samaki na nyama ya porini msimu ukifika.

Mwenzangu akaweka kitabu kitandani. "Huyu ni chachi yangu," akasema, yaani mke wa baba yake mdogo. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu nami nimekaa kikao cha baada ya arobaini nikasikia shamba la wajane likipungua sentensi kwa sentensi, na wote wakizungumza kwa upole kabisa. Alinieleza habari za mali inayotoka upande wa bibi harusi, iliyopigwa marufuku kisheria India mwaka 1961 na bado ikitolewa, na nyumba ambazo ndugu na wake zao hukaa pamoja. Usiku ule nilielewa kwa nini Jane Austen ana wasomaji wengi hivyo kutoka Lahore hadi Chennai. Mhadhiri angeweza kunieleza namna Waingereza walivyorithishana mali kwa saa mbili nisiishike hivyo.

Kwa hiyo someni pamoja na watu, na kwa sauti. Vile vijitabu vya muhtasari na majibu wanavyoviita kunji, maana yake ufunguo, vimejaa kila duka la vitabu karibu na chuo. Ni kama miongozo yetu ya vitabu teule. Vitawavusha mtihani, ila mkitegemea hivyo hamtamsikia chachi wa mtu. Jifunzeni pia herufi za Devanagari, zinazoandikia Kihindi, mapema, angalau muweze kusoma majina kwenye majalada.

Na kwenye sanduku wekeni Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Nyerere ya mwaka 1969 ya The Merchant of Venice, mchezo wa Shakespeare. Mchezo huo huo mwandishi wa Kihindi Bharatendu Harishchandra aliuingiza katika Kihindi mwaka 1880 akauita Durlabh Bandhu, rafiki adimu. Mmoja aliona urafiki, mwingine akaona mtaji. Siku ya zamu yenu ya kuongoza semina, mwombeni mwenzenu asome kwa Kihindi pale mahakamani, kisu kinaponolewa kwa ajili ya ratili ya nyama, nanyi msome pale pale kwa Kiswahili, kabla mtu yeyote hajafungua Kiingereza.