Maswali na majibu: Soma na sentensi ya juu yake jamani

Wiki hii nimechagua maswali matano ya nadharia ya siasa, na manne kati ya hayo yasingekuja kabisa kama muulizaji angefungua kitabu chenyewe.

Machiavelli aliandika sura ya ngapi kwamba lengo huhalalisha njia? Nataka kunukuu kwenye insha.

Hakuandika. Nimeshalijibu hili mara nyingi na bado linarudi, kwa sababu watu wanaokota nukuu kwenye picha za mtandaoni halafu ndo wanaanza kutafuta sura ya kuibandika. Kinachokaribiana na hayo maneno kipo sura ya 18 ya kile kitabu chake cha Mtawala, pale anaposema matendo ya watu, hasa ya watawala ambao hakuna mahakama ya kuwashtaki, hupimwa kwa matokeo. Juu kidogo tu ameshasema kila mtu anaona unavyoonekana ila wachache wanajua ulivyo. Sasa hapo anaeleza umati unavyohukumu au anamfundisha mtawala autumie huo udhaifu wa umati? Mi naona anafanya yote mawili, wewe unaweza kunipinga, ila huo ubishi hatuufikii kama umeanza na sentensi ambayo haipo. Na kumbuka anayeandika ni mtu aliyepoteza kazi yake ya serikali 1512 kina Medici, ile familia iliyotawala mji wa Florence huko Italia, waliporudi madarakani, 1513 akafungwa na kuteswa, halafu kitabu anakitabarukia mtu wa familia hiyohiyo.

Leviathan ya Hobbes ni lazima niimalize yote?

Kama unataka kuandika juu yake, ndiyo. Sehemu ya 3 na ya 4 ni karibu nusu ya kitabu, zinahusu dini na kanisa, na ndo hizo watu wanaruka.

Locke alikuwa na hisa kwenye biashara ya watumwa, kwanini bado anaitwa baba wa uhuru? Si tumtupe tu?

Hisa alikuwa nazo kweli, Royal African Company, miaka ya 1670, na mwalimu anayemfundisha Locke bila kulitaja hilo anawaibia wanafunzi wake. Lakini kabla hujamtupa fungua sentensi ya kwanza kabisa ya Risala Mbili za Serikali, zilizotoka 1689 bila jina lake. Anasema utumwa ni hali mbaya na ya kudhalilisha kiasi kwamba haifikiriki Mwingereza, tena muungwana, asimame kuutetea. Isome polepole. Utumwa wa nani? Pale anamjibu Robert Filmer aliyedai wafalme wamerithi mamlaka ya Adamu, kwa hiyo mtumwa anayemlilia ni raia wa Uingereza chini ya mfalme asiye na mipaka. Halafu nenda risala ya pili sura ya 4, unakuta anakubali mtu aliyetekwa kwenye vita ya haki afanywe mtumwa, na ukifika sura ya 16 anasema mshindi hana mamlaka hayo juu ya watoto wa mateka. Chukua hiyo kanuni yake uipime na meli za kampuni aliyowekeza pesa zake, uone kama Waafrika waliopakiwa humo na watoto wao wanaingia popote. Haiwezekani! Hoja yake mwenyewe inamshtaki, na hilo huwezi kulionesha kama kitabu umeshakitupa. Wanaonihuzunisha zaidi ni wale wanaoliona neno uhuru kwenye ukurasa wa kwanza wanapiga makofi, hawaulizi nani kaachwa nje.

Naomba muhtasari wa Rawls wa ukurasa mmoja, mtihani kesho.

Situmi. Kwenye dibaji ya kitabu chake cha 1971 kuhusu haki katika jamii, A Theory of Justice, Rawls mwenyewe anasema mawazo ya msingi yako vifungu vya 1 hadi 4 vya sura ya kwanza, kwa hiyo soma hivyo usiku huu. Na usiiombe programu ya akili bandia ikuandikie, inaweza kukutungia nukuu na namba ya ukurasa ukaaibika.

Mi ni mtu wa dini. Kuna haja gani ya kumsoma Marx aliyesema dini ni kasumba?

Hapa Kiswahili chetu kimekuchezea. Kasumba siku hizi tunaisikia kama mawazo mabovu yaliyopandikizwa kichwani, tunasema kasumba ya kikoloni, lakini neno lenyewe ni afyuni, ile dawa ya kulevya, na 1844, wakati Marx anaandika, afyuni ilikuwa dawa ya kawaida ya kutuliza maumivu. Sasa soma sentensi iliyotangulia: dini ni pumzi nzito anayoishusha kiumbe anayeonewa, ni moyo wa dunia isiyo na moyo. Mtu anayeandika hivyo ameyaona maumivu, na hasira zake ziko kwenye kinacholeta hayo maumivu. Bado unaweza kumkatalia, mi mwenyewe namkatalia, nimeona dini ikimwinua mtu akatae kuonewa badala ya kumlaza. Ila ubishi wako uuanzie kwenye hiyo pumzi, uandike, halafu nitumie nisome.