Una madeni na unaomba kibali cha usalama? Soma hii kabla hujajaza fomu

Vijana wetu kadhaa huku Marekani, wameshapata uraia na wanataka kazi za jeshi au za kontrakta wa serikali, wananiuliza swali moja: nina madeni, kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kushika siri za serikali, nitapewa kweli? Nawaambia yaliyonikuta mimi.

Nilipojaza SF-86, ndo fomu ya kuombea kibali hicho, nilikuwa na kredi kadi mbili zimeshafika kwa wakusanya madeni, na bili ya hospitali niliyokuwa naikimbia, simu ikiita namba siijui basi sipokei. Nikafika sehemu ya 26, ndo ya fedha, nikakwama hapo siku tatu. Wanauliza miaka 7 iliyopita: ulifilisika? kodi ulishindwa kufaili au kulipa? kuna deni lilipita siku 120 hujalipa? mshahara ulikatwa kwa ajili ya deni? Nikawaza nikiandika hapana nani atajua. Watajua jamani, ripoti yako ya mikopo wanaivuta wenyewe. Na ukidanganya umejiongezea kosa zito kuliko lile deni, maana kusema uongo kwa makusudi kwenye fomu ile ni jinai, na hata usiposhtakiwa nani tena atakuamini na siri?

Hofu ya serikali kwa watu wenye madeni ina historia. Aldrich Ames wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, alianza kuwauzia Wasovieti siri mwaka 1985, alikuwa na talaka na madeni yamemkaba, malipo ya kwanza dola 50,000, na hakukamatwa mpaka 1994. Ndo maana mwongozo unaotumika sasa, SEAD 4 wa 2017, una kipengele kizima cha fedha, kinaitwa F. Ila hakuna kiasi kilichoandikwa kwamba deni likifika hapa umekwisha. Wanaangalia limetokana na nini, na wewe ukafanya nini.

Mimi niliandika ndiyo kila palipostahili ndiyo. Nikaeleza nilipunguziwa masaa kazini halafu nikalazwa. Kupoteza kazi, ugonjwa, talaka, kufiwa, hayo wanayaelewa, lakini baada ya hapo wanataka kuona ulihangaika vipi. Kwaiyo niliwapigia wale niliokuwa nawakimbia, tukakubaliana kiasi kidogo kila mwezi, nikadai makubaliano yawe kwa maandishi. Mpelelezi aliponihoji nilikuwa na bahasha: makubaliano, risiti za miezi mitano, bajeti yangu ya mwezi, barua ya mshauri wa madeni. Miezi mitano ya kulipa kidogokidogo bila kuruka inaonekana vizuri kuliko kulipa lote kwa kishindo wiki moja kabla ya mahojiano, hapo wanaona umelipa sababu umebanwa.

Na hii naomba mnisikilize sana. Kuna watu wanasubiri deni lifutike kwenye ripoti baada ya miaka 7 wakidhani yameisha. Hayajaisha! Kutoka kwenye ripoti sio kulipa, na hilo watakuuliza. Kodi nayo faili hata kama huna hela ya kulipa, omba mpango wa kulipa polepole, maana mtu asiyefaili kodi ya serikali anaombaje kuaminiwa na siri za serikali hiyohiyo.

Vuta ripoti yako mwenyewe kwanza, ni bure. Yangu ilikuwa na deni ambalo hata sio langu, nikalipinga kwa barua likatolewa.

Kibali kilichelewa sana lakini nilipata. Siku hizi ukishapewa wanaendelea kukufuatilia, deni jipya likichelewa linawafikia, kwaiyo mwambie afisa usalama wako mapema kabla hajaambiwa na kompyuta.

Na kama wewe ni wa kontrakta na barua ya kueleza sababu za kutaka kukunyima imeshafika, una siku 20 tu za kujibu. Jibu kila kipengele kimoja kimoja, ambatanisha risiti, na ukitaka kusikilizwa mbele ya jaji omba humohumo. Usiiweke barua kwenye droo kama nilivyokuwa nafanya na zile bili.