Mahindi ya chakula cha mchana shuleni

SWALI: Kamati yetu ya chakula hupokea mahindi kutoka kwa wazazi. Tunaambiwa unyevu usizidi asilimia 13.5, na kipimo hatuna. Tufanyeje?

JIBU: Chukueni chupa ya kioo iliyokauka kabisa, mtie mahindi hadi robo yake na vijiko viwili vya chumvi kavu. Fungeni, mtikise vizuri, muiache dakika 15. Chumvi ikigandia chupa, unyevu umepita asilimia 15: yarudi juani, juu ya turubai. Isipogandia, msifurahi mapema, maana 13.5 huenda bado. Anikeni tena kabla ya kufunga magunia. Mahindi yenye unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu (aflatoksini); kiwango cha juu cha sumu hiyo Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 tu kwa kilo, na kuchemsha makande saa nyingi hakuiondoi. Punje zenye ukungu chambueni, wala msiwape kuku.