Kali: Uliza Kinyume Chake

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni kwamba kivumishi "kali" kina maana ngapi, na anayejifunza Kiswahili hapa Nairobi atatambuaje iliyokusudiwa. Idadi haitamfaa sana, kwa kuwa kila kamusi hugawanya kwa mkono wake. Kitakachomfaa ni kuuliza kinyume. Kisu kikali, kinyume chake kisu butu. Mwalimu mkali, mwalimu mpole. Pilipili kali, pilipili isiyowasha. Ulinzi mkali, ulinzi mlegevu. Kona kali ni ile inayomlazimu dereva wa matatu kupunguza mwendo, na kinyume chake ni kona ya kupita bila wasiwasi. Vinyume vikiachana, maana nazo zimeachana. Mbwa na mwalimu wote kinyume chao ni "mpole", basi hapo maana ni moja.

Kipimo hiki hufaa zaidi pale kirai kimoja kinapobeba mambo mawili. "Ana macho makali" huweza kumhusu anayeona mbali, au anayekutazama ukanyamaza. Wa kwanza mpinge na mwenye macho hafifu, wa pili na mwenye macho ya upole, kisha tazama ni kinyume kipi kinaingia katika habari inayosimuliwa. Kwa watu, angalia pia neno linalofuata. "Mkali kwa wanafunzi" ni mtu asiye na mzaha nao. "Mkali wa hesabu" ni bingwa wa hesabu. Kwa vijana wa mjini maana hii ya ubingwa imeenea hadi kwenye vitu: wimbo mkali, viatu vikali. Naiona ni maana halali kabisa, na walimu wasiikate kwa kalamu nyekundu.

Cha kukatwa ni "kisu kali" na "maneno kali", makosa tunayoyasikia kila siku. Chanzo chake ni kwamba umbo tupu, lisilo na kiambishi mbele, ni sahihi katika ngeli zenye maneno mengi ya kila siku: dawa kali, njaa kali, sheria kali, jino kali. Sikio likizoea hivyo hudhani neno halibadiliki. Ngeli ya I-ZI huweka sauti ya n au m mbele ya vivumishi kadhaa, kama nyumba nzuri, ndefu, mbaya. Lakini mbele ya k sauti hiyo hudondoka, ndiyo maana tunasema nyumba kubwa na dawa kali. Kwingineko kiambishi hurudi: kisu kikali, meno makali, watu wakali, mikuki mikali. Nomino zinazoanza kwa u huwatatiza wengi. Haisemwi "upepo ukali", kwa sababu ukali ni nomino. Ni upepo mkali, ushindani mkali, wembe mkali, na wembe ukiwa katika wingi, nyembe kali.

"Jua kali" lina habari yake. Mafundi waliofua mabati na kuchomelea vyuma bila paa, kama wa Kamukunji hapa Nairobi, walilipatia neno hili kazi mpya, na mwaka 1992 waraka wa serikali nambari 2, uliohusu biashara ndogo ndogo, ulilibeba kwenye kichwa chake. Kulitofautisha ni rahisi: jaribu kuongeza "sana". "Leo kuna jua kali sana" ni hali ya hewa. "Fundi wa jua kali sana" haisemeki, kwa hiyo hapo ni jina la sekta ya mafundi hao.

Makali nayo yamekuwa nomino. Panga lina makali, na hospitalini husikika dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, yaani nguvu ya kudhuru. Penye "makali ya" bila nomino mbele yake ya kuelezwa, kama ilivyo katika "maneno makali ya mwalimu", ujue si kivumishi tena.

Mwisho ni "vikali", kipenzi cha magazeti: alikanusha vikali, walipinga vikali. Kikifuata kitenzi na kueleza namna tendo lilivyofanyika, ni kielezi, na hakibadiliki hata mtendaji akiwa mmoja. Katika "amenunua visu vikali" ni kivumishi cha visu. Visu vikiwa kimoja, nacho kitakuwa kikali.