Dawa ni zilezile za jirani, mbona mimi naona kizunguzungu?

SWALI: Nina miaka 58, kisukari mwaka wa 11 sasa. Natumia metformini, amlodipini 10 mg ya presha, na tamsulosini ya tezi dume usiku. Nikiamka alfajiri kutawadha macho yanaingia giza, juzi nusura nianguke. Jirani yangu anameza hizohizo na hana shida. Tena nguvu za kiume zimepungua, na sildenafili haikunisaidia. Nifanyeje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Pole sana, ndugu. Shida zako mbili zinakutana kwenye mishipa ya damu.

Ndani ya mshipa kuna utando wa seli, safu moja tu, unaotengeneza gesi ya naitriki oksaidi. Gesi hiyo ndiyo inayoulegeza msuli wa mshipa damu ipite. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huzalisha kemikali kali zinazoiteketeza gesi kabla haijafika kwenye msuli. Maabara huonyesha hivi: mshipa wenye kisukari ukitiwa asetilikolini, inayouamuru utando utoe gesi, hulegea kidogo, ukitiwa naitrogliserini, inayoleta gesi yenyewe, kwa kawaida hulegea vizuri zaidi. Msuli bado mzima. Utando ndio uliochoka.

Sildenafili haitengenezi gesi. Inakuza tu kazi ambayo gesi imeshaianza, kwa hiyo ikiwa haba, kidonge hakina cha kukuza. Wengi pia huimeza baada ya mlo wa mafuta mengi, ikachelewa kuingia damuni. Ila wewe usiimeze tena kwa sasa, maana ikikutana na tamsulosini presha hushuka zaidi.

Sasa kizunguzungu, kinachonitia wasiwasi kuliko hilo. Ukisimama, zaidi ya nusu lita ya damu hushuka tumboni na miguuni, na mishipa ya fahamu huiamuru ile ya damu ikaze mara moja. Kisukari cha muda mrefu hudhoofisha amri hiyo. Tamsulosini nayo inaziba pale amri inapopokelewa, na amlodipini inalegeza mshipa wenyewe. Jirani yako amri yake bado ina nguvu.

Presha ya kupimwa umekaa kitini haitaonyesha tatizo hili. Lala chali dakika 5, pima. Simama, pima dakika ya 1 na ya 3, mkono ukiwa usawa wa moyo. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, peleka daftari kliniki wiki hiihii. Usikatishe dawa mwenyewe: daktari ndiye wa kupunguza dozi au kubadili ile ya tezi dume. Pima na sukari wakati wa kizunguzungu. Chini ya 4 mmol/L ni tatizo jingine.

Kwa sasa, ukiamka kaa ukingoni mwa kitanda dakika 2, ukipandisha na kushusha nyayo mara 20. Usiku kojoa umekaa.

Na siku ukipatwa na maumivu ya kifua, waambie hospitalini ulimeza sildenafili lini. Ndani ya saa 24 hupaswi kupewa naitrogliserini. Presha inaweza kuporomoka vibaya.