Mwalimu mmoja wa elimu maalum sekondari hatoshi

Ndugu, umesema shule yenu ya kutwa imeanza kupokea wasioona na viziwi, halmashauri imewaletea mwalimu mmoja aliyetoka Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalum kule Arusha, na unauliza kama anatosha. Nimekaa kwenye kitengo cha namna hiyo miaka kadhaa. Hatoshi, hata akiwa mchapakazi namna gani.

Kwanza muulizeni amesomea ulemavu upi. Pale chuoni kila mtu ana fani yake: kutoona, uziwi au ulemavu wa akili. Aliyeiva kwenye nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, anaweza asijue lugha ya alama zaidi ya salamu na herufi. Barua ya ajira haijali hilo, imeandika "elimu maalum" basi.

Tatizo kubwa lakini ni ikama, yaani idadi ya walimu ambayo shule inastahili. Inahesabu vipindi vya masomo. Mimi nilihesabiwa mwalimu wa Kiswahili, nina vipindi kama wenzangu, halafu kazi ya kitengo inaanza wengine wakielekea nyumbani. Jaribio la Historia unaliandika upya kwa mashine ya Perkins ya kuchapa nukta nundu, na ukurasa mmoja wa kawaida unazaa miwili mitatu ya nukta nundu. Wakishajibu, unakaa tena kuyageuza majibu yao kwa kalamu ili mwalimu wa somo aweze kusahihisha. Kazi hiyo haionekani popote kwenye takwimu za shule. Matokeo yake, wakubwa wakaona Kiswahili tumezidi, mwenzangu wa kitengo akahamishwa, tukaletewa mtu wa Jiografia. Mwalimu mzuri sana, ila nukta nundu kwake ni vipele tu kwenye karatasi. Wasioona wetu wakawa wanasomewa majaribio kwa mdomo, tena darasani mbele ya wenzao.

Kwa viziwi hesabu ni nyingine kabisa. Mkalimani hawezi kuwa kidato cha kwanza na cha tatu kwa kipindi kimoja, na mikono inachoka jamani. Halafu asiyeielewa Fizikia ataitafsirije? Kuna na wale walimu wanaoongea huku wamegeukia ubao. Hao hawahitaji ajira mpya, wanahitaji mwalimu wa taaluma asiyeona haya kuwaambia.

Mkuu wa shule aingize saa za kitengo kwenye ratiba kama vipindi halali, ampunguzie huyo mwalimu vya somo lake. Mkimwandikia afisa elimu maalum wa halmashauri, tajeni fani na idadi: wa wasioona wangapi, wa viziwi wangapi. Mkiomba "walimu wa elimu maalum" mtaletewa yeyote.

Na mitihani ya ndani msiisahau. Baraza la Mitihani (NECTA) humwongezea asiyeona dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na 10 kwenye masomo mengine. Shuleni muda huo mara nyingi unaliwa kwa sababu hakuna wa kubaki kusimamia. Mpangieni mtu kabisa, jina lake libandikwe kwenye ratiba ya mtihani.