Nimetokwa na malengelenge, mume wangu anasema nimezini

SWALI:
Assalaamu alaykum, Sheikh. Nina mimba ya miezi saba, mtoto wa tatu. Wiki mbili zilizopita nilishikwa na homa, kisha nikatokwa na malengelenge sehemu za siri, yakapasuka yakawa vidonda. Nesi akaniambia ni ugonjwa wa zinaa, unaitwa hepesi. Wallahi simjui mwanamume mwingine zaidi ya mume wangu. Yeye hana kidonda hata kimoja. Alikuwa na mke kabla yangu, wakaachana. Sasa amesema mbele ya mama yangu kwamba nimezini. Je, kidonda ni ushahidi? Na sala zangu je?

JIBU:
Wa alaykumus-salaam wa rahmatullahi wa barakaatuh, binti yangu. Allah akuondolee maumivu na akuhifadhie kiumbe kilicho tumboni.

Kidonda si ushahidi. Katika Suratun Nuur, aya ya 4, anayemtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi ametakiwa alete mashahidi wanne. Asipowaleta hupigwa mijeledi 80 na ushahidi wake haupokelewi tena. Mume amewekewa mlango wa li'ani, aya ya 6 hadi ya 9: aape kwa Allah mara nne, na mara ya tano ajiombee laana ikiwa anasema uongo. Mumeo ajiulize kama yuko tayari kujiombea laana kwa sababu ya lengelenge.

Naona kilichomponza ni jina. Sisi Waswahili tumezoea kuyaita maradhi haya "magonjwa ya zinaa", na mtu akilisikia tu jina hilo anaona hukumu imekwisha kutolewa. Lakini kirusi hiki hupita ngozi inapogusana na ngozi, kitandani kwa mke na mume sawasawa na penginepo. Kikishaingia, hujificha kwenye mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo, kikalala huko miezi, hata miaka, bila dalili yoyote. Homa au uchovu mkubwa unaweza kukiamsha. Na mwenye nacho anaweza kumwambukiza mwenzake hali ngozi yake ni safi kabisa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 846 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wanaishi na maambukizi haya, zaidi ya mmoja katika kila watano, na wengi wao hawajijui.

Kwa hiyo yumkini mumeo alikipata katika ndoa yake ya kwanza, ndoa ya halali, akakaa nacho bila habari. Na wewe, mwanangu, usiigeuze tuhuma ukamrushia yeye. Kipimo cha damu huonesha kwamba mwili umewahi kukutana na kirusi, hakimtaji mtu.

Wamepokea Bukhari na Muslim kwamba bedui mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) akasema mkewe amezaa mtoto mweusi, huku moyoni ana shaka. Mtume akamuuliza: Una ngamia? Ndiyo. Rangi gani? Wekundu. Hamna wa kijivu? Wamo. Wametoka wapi hao? Akajibu, labda ni asili iliyomvuta. Mtume akamwambia, basi na mwanao huyu labda ni asili iliyomvuta. Hakumruhusu amkane mtoto kwa alama ya mwilini, maana alama hiyo ilikuwa na sababu nyingine iliyofichika. Kila nikisoma maswali kama lako huikumbuka hadithi hii.

Sasa jambo lisilongoja: mtoto. Mwambie mkunga na daktari leo, usione haya. Maambukizi mapya kabisa katika miezi mitatu ya mwisho ndiyo yenye hatari kubwa kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Yakiwa ya zamani yaliyorudi, hatari ni ndogo sana. Daktari anaweza kukupa asiklovia, na ukishikwa na uchungu wakati una vidonda, huenda akashauri upasuaji. Dawa hii haikitoi kirusi mwilini, ila hufupisha maumivu na, ikinywewa kila siku, hupunguza kurudi kwa vidonda. Usipake mitishamba wala ndimu. Msikutane kimwili tangu unapohisi mwasho mpaka ngozi ipone kabisa. Baada ya hapo kondomu hupunguza hatari, ingawa haiimalizi, na mke na mume wakiridhiana kuitumia hakuna ubaya.

Sala zako zinasihi. Majimaji ya kidonda hayatengui udhu kwa madhehebu ya Shafi, maana hayakutoka katika njia mbili. Yaoshe, na yatakayoendelea kutoka yamesamehewa. Ila ukipaka dawa kwa kiganja kitupu, tawadha upya. Maji yakikudhuru, tayamamu ipo kwa ajili ya sehemu hiyo. Na Ramadhani ikikukuta unakunywa asiklovia mara mbili kwa siku, futari na daku zinatosha. Ukizidiwa, kula, utalipa.

Mwombe mumeo mwende kliniki pamoja, akamsikilize daktari kwa masikio yake. Kisha arudi kwa mama yako. Neno lile alilisema mbele yake, hivyo halifutiki kwa kukuomba radhi chumbani. Alirudishe pale pale, mama akiwa anasikia.

Wallahu a'lam.